Sifa za Bahasha ya Kaki

Pale Samora inapokutana na Maktaba, katikati ya Dar es Salaam, yupo askari wa shaba aliyesimama tangu 1927, singe kaielekeza bandarini. Sina ugomvi naye. Ninachouliza ni kwa nini mji huu haujawahi kumjengea sanamu yule anayekatiza mbele yake kila Jumatatu asubuhi: mwanafunzi wa sheria, shati jeupe, viatu vya kuazima, na kwapani bahasha ya kaki ya saizi ya A4. Na kama shaba haitoshi, mwanafunzi aachwe, isimamishwe bahasha.

Majaji wameandikiwa sifa, mawakili wasomi wanasifiana wenyewe mahakamani kila siku ya Mungu. Bahasha iliyowafikisha hapo hakuna anayeikumbuka. Naomba niitetee leo, na nitafanya hivyo bila malipo, kama ilivyo desturi ya fani hii kwa wanaoanza.

Nasaba yake haina doa. Chuo cha Dar es Salaam kilifungua milango 1961 kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Yaani kabla chuo hicho hakijamfundisha mtu kujenga daraja, kilikuwa tayari kinamfundisha mtu kushitaki mkandarasi. Na tangu nchi iwe na wanafunzi wa sheria imekuwa na watu wanaotafuta ofisi ya kuwapokea kwa mafunzo ya vitendo, wamebeba karatasi zao ndani ya karatasi nyingine.

Tuifungue. Hilo ni rahisi, maana mdomo wake haujagundishwa. Umekunjwa ndani tu, kwa sababu ofisi ya kwanza ikikataa, bahasha ile ile itabadilishiwa barua na kupelekwa ya pili. Ndani kuna barua ya utambulisho kutoka chuoni, CV ya kurasa mbili ambayo ya pili imejazwa na wadhamini, matokeo ya mitihani, na nakala za vyeti. Hizo nakala lazima zigongwe mhuri na wakili, athibitishe kwamba zinafanana na halisi. Basi kijana hupanda ngazi kwa wakili, hulipa, hugongewa, kisha huuliza kwa upole kama ofisi hiyo inapokea wanafunzi wa fildi. Haipokei. Hayo ndiyo malipo ya kwanza kupita kati ya kijana na taaluma yake, na yametoka upande wa kijana.

Juu ya yote kuna barua ya maombi. Tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, na mwanafunzi huyu ameisoma sheria hiyo akaijibia mtihani. Barua yake bado ni ya Kiingereza, tena kile Kiingereza cha kupiga magoti, kinachoanza kwa kuomba radhi ya kuandika na kumalizia kwa kumshukuru mtu kwa jambo ambalo hatalifanya.

Lakini sifa kuu ya bahasha ni ualimu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huchukua miaka minne kumfanya mtu awe na shahada ya sheria; bahasha humaliza silabasi kwa likizo moja.

Inaanza na mapokezi. "Una miadi?" Swali dogo, ila ndani yake mna mada nzima ya nani ana haki ya kusimama mbele ya baraza na nani arudi kwao. Huna miadi, basi huna pa kusimama, na kiti pia hakuna.

Linafuata somo la kufikisha hati. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, inalo fungu zima, Amri ya Tano, linaloeleza namna ya kumfikishia mtu wito na namna ya kuthibitisha kwamba umemfikia. Kijana mwenye akili hutoa kopi ya barua yake na kuomba isainiwe kwamba imepokelewa. Dada wa mapokezi huitazama kopi ile, humtazama kijana, kisha husema: "Mdogo wangu, wewe acha tu hapo, tutakupigia." Sheria inasema mdaiwa akikataa kusaini, hati inaweza kubandikwa mlangoni kwake. Sijamwona aliyethubutu.

Kuhusu haki ya kusikilizwa, Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba imeiweka vizuri sana, na bahasha humwonyesha kijana kwa vitendo hali ilivyo pale ambapo haki hiyo haipo. Kuhusu ukomo wa muda ninalo wazo langu binafsi. Dai la kurudishiwa ardhi hufa baada ya miaka 12. Anayekalia kiwanja cha mwenzake waziwazi kwa muda huo, bila kuombwa atoke, yuko pazuri. Zipo bahasha katika droo za mjini ambazo, kwa hesabu hiyo, zinakaribia kumiliki droo.

Nisiwaonee watu wa mapokezi, bahasha wanaitumia. Ofisi moja ya ghorofa ya tatu, siitaji, niliikuta umeme umekatika na dada pale anajipepea kwa bahasha nene, taratibu, kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia ukijaza daftari la wageni. Kila ilipopita usoni pake nilisoma mwandiko wa mwenyewe, umepigiwa mstari kwa rula: KWA MKURUGENZI. Nani atasema maombi yale hayakufanyiwa kazi?

Wapo wanaodai zama za bahasha zimekwisha, siku hizi unatuma kwa barua pepe. Barua pepe haikukingi jua la saa saba Posta, wala haijui ngazi. Na ngazi ni sehemu ya elimu. Mawakili wamekatazwa na kanuni za maadili kujinadi kama wauza mitumba wa Karume, hivyo ofisi nyingi zina kibao kimoja kidogo chini ya jengo, na lifti ina tangazo kwamba fundi ameitwa. Kijana akimaliza wiki anajua nani yuko jengo gani, nani amehama, na nani amegombana na mshirika wake wakagawana hadi mashine ya kopi. Elimu hiyo hakuna mhadhiri anayeitoa.

Bahasha ina wapinzani wawili, na haki inataka niwataje. Wa kwanza ni kimemo, kile kikaratasi kutoka kwa mjomba aliyesoma na bosi. Hakina CV, hakina mhuri, hakipandi ngazi. Wakati mwingine hakiandikwi kabisa, kinapigwa simu. Kinajibiwa kabla ya chakula cha mchana. Wa pili ni binamu wa bahasha yenyewe, mweupe, mwembamba, asiyeandikwa jina la mtu kwa nje. Huyo TAKUKURU wanamfahamu kuliko mimi. Ukiwaweka pamoja ndipo unapoona unyofu wa bahasha ya kaki: inampokea mtoto wa yeyote, na inampa kila mmoja jibu lile lile.

Oktoba 2022 nchi ilishituka iliposikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria kwa Vitendo, 26 tu ndio waliofaulu moja kwa moja, na 265 wakaondolewa. Ikaundwa kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Watu wakalaumu vyuo, wakalaumu Kiingereza, wakalaumu shule yenyewe. Mengine yalikuwa na ukweli. Ila sikusikia ikiulizwa kwa sauti ni ofisi ngapi za mawakili zilizowahi kumkalisha kijana mezani akaandika hati ya madai mwenyewe, ikarudi imejaa wino mwekundu. Wengi waliobahatika kupokelewa walitumwa kutoa kopi. Shahidi mzuri hapo angekuwa bahasha, ila nadhani na yeye hakuitwa.

Kuna siku, hata hivyo, inashinda. Simu inaita Alhamisi jioni: aanze Jumatatu, nauli atajitegemea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka kila upande utoe kitu, na ofisi inatoa kitambulisho cha kuvaa shingoni. Kijana anafika saa moja na nusu, suti imepigwa pasi mara mbili, anadhani atapewa faili. Anapewa kiti cha mapokezi, dada yuko likizo ya uzazi. Kabla ya chai ya saa nne wameingia watatu, kila mmoja na bahasha yake. Wa tatu anachomoa kopi ya barua na kuomba isainiwe. Kijana anaangalia mlango wa bosi, umefungwa. Anasema yeye ni wa fildi tu, hana mamlaka ya kusaini, ila aiache hapo juu ya zile nyingine, watampigia.