Ile S Imekwenda Wapi?

Anayedhani kazi ngumu nchini ni kubeba zege, aje anishikie kipindi cha dabo cha Kiingereza, Kidato cha Kwanza, Jumatatu, baada ya makande ya mchana. Dakika 80. Nusu ya darasa inasinzia kwa maharage. Nusu nyingine iko macho, na hao ndio wabaya, kwa sababu wanauliza maswali.

Mada ilikuwa kuunda sentensi. Nikaandika ubaoni: The boy plays. Chini yake: The boys play. Sijaweka hata chaki chini, mkono umeshanyooka kule nyuma.

"Madam, naomba kuuliza. Wavulana si wameongezeka?"

"Wameongezeka."

"Sasa mbona kwenye kucheza s imeondoka?"

Jamani! Mtoto huyu amekulia kwenye lugha yenye adabu. Ukisema watoto wawili wazuri wamekuja, kila neno limevaa sare: wa, wa, wa, wa. Wakiwa wengi, sentensi nzima ina habari kwamba ni wengi. Ndiyo maana kwa akili zake timamu anaandika: Two goods boys plays. Na mimi, kwa mshahara wa serikali, natakiwa nimkate kwa wino mwekundu na kumweleza kwamba ile s ni kama godoro la wageni, liko moja tu nyumba nzima. Wavulana wakilichukua, kitenzi kinalala chini. Mvulana akiwa peke yake, godoro linahamia kwa kitenzi.

Wakaelewa, au waliitikia "Yes, madam" kwa sauti ya watu walioelewa. Nikajitia kimbelembele nikaendelea na maswali: Does the boy play?

"Madam! S imehama tena!"

Imehama kweli. Ilikuwa kwa play, sasa iko kwa does. Na huyo does mwenyewe anafanya nini pale? Hana maana yoyote ya kwake, kazi yake ni kusimama mlangoni kutangaza kwamba swali linaingia. Sisi tukitaka kuuliza tunapandisha sauti kidogo au tunatia "je", mambo yamekwisha. Msichana mmoja hakuona haja ya huyo bawabu, akaandika kwenye daftari lake: Know you my brother? Na chini yake: I know not. Nikakata zote mbili kwa sababu ndivyo mtihani unavyotaka, lakini kalamu ilisita. Enzi za Shakespeare, aliyefariki mwaka 1616, Waingereza wenyewe walikuwa wakiuliza na kukanusha hivyohivyo bila aibu, na hakuna aliyewapa sifuri. Mwanafunzi wangu hana kosa, amechelewa miaka 400 tu.

Lakini kilichonitoa jasho ni mvua. It is raining.

"Madam, it ni nani?"

"Si mtu."

"Ni kitu gani?"

"Si kitu. Ni kiima tu, kimewekwa ili nafasi isibaki wazi."

Wakaniangalia kama watu walioambiwa kuna mfanyakazi hewa anayelipwa na halmashauri. Kwetu mvua inanyesha: mvua yenyewe, kwa jina lake, inafanya kazi yake mwenyewe. Kwenye zoezi nikapata The rain is raining za kutosha kujaza mtaro, na sijui hata mantiki gani niitumie kuipinga sentensi hiyo. Mmoja akaniletea God is raining. Hiyo sikuikata. Nani anataka laana?

Watoto hawa wamesoma shule ya msingi miaka saba, Hisabati na Sayansi zote kwa Kiswahili, Kiingereza wakikiona kama somo tu. Wakivuka kuja kidato cha kwanza, wanapewa wiki chache za kuwaandaa, kisha karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mtaala mpya ulioanza 2024 unawafundisha wadogo zao Kiingereza kuanzia darasa la kwanza. Vizuri sana. Hao watanifikia karibu na 2030, kama bado nitakuwa na akili zangu. Kwa sasa, 7 Julai tunaadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa ngonjera na vitenge, na kesho yake narudi kumwadhibu mtoto aliyeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiswahili.

Maana mlangoni kwa ofisi ya walimu tumebandika: No English No Service. Mtoto anaumwa tumbo, anasimama nje akipanga kiima na kitenzi, tumbo nalo halina subira. Mwishowe anaingia: "Madam, my stomach is painting me." Huku ndani sisi tunabishana Simba na Yanga kwa Kiswahili cha kumwaga.

Mwalimu wa Baiolojia naye hunifuata na rundo la karatasi. "Mwalimu, watoto wako hawawezi kutunga sentensi. Ona: Heart is pump blood." Watoto wangu! Wakifaulu ni wa Baiolojia, sentensi ikivunjika ni wangu. Na yeye mada nzima ya usanisinuru aliifundisha kwa Kiswahili, mlango umefungwa.

Halafu kuna kikao cha wazazi. Baba mmoja alisimama juzi, kofia mkononi, heshima zote. "Mwalimu, mimi sina ugomvi. Lakini mwanangu mwaka unaisha, ung'eng'e hata wa kuombea maji hana. Jirani yangu ana mtoto wa chekechea, shule ya kulipia, anamwambia mama yake shut up. Mama anafurahi mpaka anatuita tusikilize."

Nikamwambia, baba, hiyo ni sentensi ya amri. Haimtaji mtenda, haina s ya kuhamahama, haina does wa kusimama mlangoni. Hiyo haina kazi.

Akafikiri, wazazi wenzake wakitikisa vichwa.

"Sasa, mwalimu, kwa nini hamkuanza na hizo?"