YAH: Pongezi kwa Subira Yenu Mbele ya Hiari

Waheshimiwa Majaji na Mahakimu,
Mahakama ya Tanzania.

Mimi ni jirani yenu wa Ubungo, huku Mawasiliano, ambako stendi ya Simu 2000 na Mahakama Kuu, Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, zinatufundisha sote kungoja.

Nawapongeza kwa kutohangaika. Mtu akisema maelezo yake ya onyo aliyatoa kwa kipigo, ninyi hamkurupuki.

Chukueni kesi ya mwanasiasa Freeman Mbowe na wenzake watatu. Maelezo ya mshtakiwa wa pili yaliandikwa Agosti 2020. Mawakili wake wakadai aliteswa, tena ule muda wa saa nne ambao sheria inawapa polisi kumhoji mtu ulishapita. Serikali ikasema aliongea kwa ridhaa yake. Ikafunguliwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, ya kupima hiyo ridhaa, na tarehe 20 Oktoba 2021 Jaji Mustapha Siyani akaamua: maelezo yapokelewe. Simlaumu, alipima alicholetewa. Ila nauliza tu, ni mchubuko gani wenye adabu ya kusubiri jaji miezi 14?

Ikaja kesi ndogo ya pili, ya mshtakiwa mwingine, mbele ya jaji mwingine. Nayo maelezo yakapokelewa. Kisha tarehe 4 Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) akaondoa mashtaka yote. Kesi kubwa ikafa, kesi ndogo zote mbili zimeshinda.

Utaratibu wenyewe ni mtamu. Kijana wa kesi ya uhujumu analetwa kwa hakimu siku ya kwanza, anachechemea. Anaambiwa hatakiwi kujibu lolote, mahakama haina mamlaka. (Polisi walikuwa nayo, ndiyo maana karatasi ya maelezo yake imeshajibu kila kitu.) Asubiri siku shahidi atakapoomba karatasi ipokelewe, ndipo apinge. Akizubaa ikapokelewa, kwenye rufani ataambiwa hoja yake ameifikiria baadaye. Na akitaka kutibiwa majeraha ili apate ushahidi, atahitaji fomu ya PF3. Inatolewa wapi? Polisi.

Zamani mambo yalikuwa mepesi mno. Sheria ya Ushahidi ya 1967 haikutaka kabisa kusikia mtu alivyokiri kwa polisi. Mwaka 1980 ikarekebishwa: kukiri huko kukaruhusiwa, mradi kuwe kwa hiari, na mzigo wa kuthibitisha hiari ukawa wa upande wa mashtaka. Tangu hapo hiari imestawi vituoni kuliko hata kwenye harusi.

Ombi langu ni dogo, najua litavuruga ratiba. Mlinzi wa amani, kabla hajaandika ungamo la mtu, humkagua mwili kama ana majeraha. Kumbe macho mnayo! Basi siku ile ile ya kwanza, mwenye mamlaka na asiye nayo, hakimu amuulize mshtakiwa alifanywa nini kituoni. Avue shati. Avue na viatu, nyayo husahaulika. Hakimu aandike alichokiona kwenye jalada, daktari aitwe jioni hiyo hiyo, bila barua ya afande. Kesi ndogo ibaki kwa wakati wake, lakini ikute ushahidi ambao haujapona.

Wenu mtiifu,
Mkazi wa Ubungo

Nakala: Dawati la PF3, kituo cha polisi kilicho karibu (tafadhali ipigwe muhuri).