Shukrani za Tajiri wa Siku 31

Kwa Mheshimiwa Jedwali la Kodi ya Ajira,
K.K. Wizara ya Fedha,
Dodoma.

YAH: SHUKRANI KWA KUTEULIWA KUWA TAJIRI, TAREHE 1 HADI 31 DESEMBA

Mheshimiwa, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza stoo. Nina miaka tisa kazini, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuteuliwa popote, hata ukatibu wa kamati ya harusi. Ndiyo maana nilipofungua slipu ya mshahara ya Desemba ilibidi nikae kwanza juu ya katoni ya misumari. Ulikuwa umeniteua.

Nikukumbushe historia yangu kidogo, maana unahudumia watu wengi. Mshahara wangu ni shilingi 800,000. NSSF wanachukua 80,000 zao, na 720,000 zinazobaki ndizo unazozitazama wewe. Zile 270,000 za kwanza huzigusi, na kwa hilo tunakuombea. Zinazofuata 250,000 unazitoza asilimia 8, yaani 20,000. Mpaka katikati ya 2021 ilikuwa asilimia 9. Hiyo moja uliyotupunguzia bado tunaila. Halafu 200,000 za mwisho unazitoza asilimia 20, ambazo ni 40,000. Jumla 60,000 kila mwezi. Tumezoeana, wala hatusemeshani.

Desemba kampuni ikatoa bonasi. Milioni moja, mkono wa bosi na soda ya baridi. Mhasibu wetu akaibeba ile milioni, akaiweka juu ya zile 720,000, akapata 1,720,000, kisha akakufungua ukurasa wa mwezi. Hapo ndipo uliponiona! Kwako kila shilingi inayovuka milioni moja kwa mwezi inakutana na asilimia 30, na juu ya hapo hakuna ngazi nyingine. Ndiyo dari. Kwa hiyo mimi, mwenye funguo kumi na saba kiunoni na hata moja si ya gari, nikakaa benchi moja na mkurugenzi wa benki. Yeye alifika pale miaka mingi iliyopita na amehamia. Mimi nilirushwa na mkupuo mmoja, nikamkuta anasoma gazeti.

Kodi yangu ya mwezi huo ikawa 344,000. Ukiondoa 60,000 tulizozizoea, bonasi peke yake imelichangia taifa 284,000.

Dereva wetu alipoiona slipu akaapa kwamba mwakani bonasi ataikataa, kwa sababu, eti, ukivuka milioni mshahara wako wote unageuka wa asilimia 30. Nilikutetea, Mheshimiwa. Nilimchorea ngazi kwenye kipande cha boksi: kila kidato kina bei yake, na ukipanda cha juu hurudi kuvilipia vya chini kwa bei mpya. Zile 270,000 za kwanza haziguswi hata Desemba. Akakubali shingo upande, kisha akauliza, "Sasa mbona umekatwa hivyo?" Nikamwambia nimeteuliwa. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Usiku huo, kwa vile matajiri hawalali mapema, nikakaa na daftari la stoo nikapiga hesabu ya mwaka mzima. 720,000 mara kumi na mbili ni 8,640,000. Weka milioni ya bonasi, tunapata 9,640,000. Nikazichukua na ngazi zako, nazo nikazizidisha kwa kumi na mbili. Asilimia 30 inaanzia milioni 12. Nikarudia, maana karatasi za stoo zimenifundisha kutoamini hesabu ya kwanza. Ni milioni 12. Mwaka mzima, Mheshimiwa, sikuukaribia huo mlango; nimeishia kwenye kidato cha asilimia 25. Kwa hesabu ya mwaka nilitakiwa kulipa 946,000. Nilizolipa ni 60,000 mara kumi na moja, na zile 344,000 za utajiri: jumla 1,004,000.

Zimezidi 58,000. Laiti bosi angeikata ile milioni vipande kumi na viwili, kila mwezi 83,000 na ushee, zisingekatwa, ila nisingeteuliwa. Kwa hiyo nimeziita ada ya uteuzi na sizilalamikii. Anayelalamika ni mama watoto. Anauliza ni tajiri wa namna gani huyu anayekopa vitenge viwili mpaka mwisho wa mwezi.

Nasikia huko Marekani mwajiri anaruhusiwa kuikata bonasi asilimia 22 bapa, halafu mwisho wa mwaka mtu anajaza ritani, na kama alikatwa kupita kiasi anarudishiwa. Sisi wenye mwajiri mmoja na tusio na biashara pembeni hatujazi ritani. Heshima tuliyopewa Desemba hatunyang'anywi.

Lililonisikitisha ni utenguzi. Tarehe 7 Januari, siku ya mwisho ya mwajiri kuwasilisha makato ya Desemba, mimi tayari nilikuwa dirishani shuleni nikiomba nilipe ada kwa awamu mbili. Slipu ya Januari ikaja na 60,000 kama zamani. Sikupewa barua, wala sikuambiwa kwamba nitapangiwa kazi nyingine.

Ninayo maombi mawili, ukipenda chukua moja. La kwanza, ukiniteua tena, uteuzi uje na stahiki zake: gari, au basi hata kiti cha mbele kwenye daladala kwa siku zote 31. La pili, hela inayokuja mara moja kwa mwaka uitazame kwa miwani ya mwaka. Igawe kwa kumi na mbili, uone inaangukia kidato kipi, utoze hapo, kisha uzidishe. Mhasibu wetu anasema hesabu hiyo haimalizi hata chai yake, ila ukurasa alionao mezani ni ule wa mwezi.

Wako mtiifu,
Mtunza Stoo
(Tajiri Mstaafu)

Nakala: Dereva wetu, ambaye jana ameniuliza bonasi ya mwaka huu inatoka lini.