Kamba Sita za Boti Moja

Mtu wa Ifakara akifika Basel, Uswisi, hawi mgeni kabisa, maana watu wa Basel walitangulia kufika kwao. Profesa Rudolf Geigy wa mji huo ndiye aliyeanzisha maabara ya utafiti Ifakara miaka ya 1950, ile iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara, na njia ya kati ya miji hiyo miwili haijaota nyasi tangu hapo. Kijana mmoja wa Kibaoni, Ifakara, anayesoma Basel aliwaandikia wa nyumbani kwamba masomo yanakwenda, baridi ipo, na mchele wao ukipikwa hata jirani hajui. Barua yote iliyobaki ilihusu kamba.

Chanzo ni mzee mmoja wa pale chuoni. Alisikia kwamba kijana huyu amekulia karibu na mto Kilombero, akahitimisha papo hapo kuwa ni nahodha. Jumamosi wakapanda treni hadi Ziwa Lucerne, mzee akiwa na boti yake ndogo ya tanga huko, ili wakaifunge vizuri kabla ya majira ya upepo.

Kijana alitarajia kigingi na fundo moja. Alichokuta ni maegesho: mbele gati, nyuma nguzo mbili zilizosimama majini, kushoto boti ya mtu, kulia boti ya mtu, na katikati upenyo ambao boti ya mzee inaingia kwa kubana pumzi. Hapo hofu si kwamba chombo kitachukuliwa na maji. Hofu ni kwamba kitamgonga jirani, na jirani mwenyewe ana boti ambayo bei yake ingenunua mashamba ya mpunga kuanzia Mang'ula hadi mtu achoke kutembea.

Basi kamba zikaanza kutoka. Mbili zikafungwa kutoka omo hadi gatini, moja kila upande. Mbili zikatoka tezi kwenda kwenye zile nguzo, ili boti isiyumbe kushoto na kulia. Kijana akapangusa mikono akidhani kazi imekwisha, mzee akachomoa mbili nyingine. Hizi hulala ubavuni: moja huanzia mbele ikarudi nyuma, ya pili huanzia nyuma ikaenda mbele, na kazi yake ni kuizuia boti isisogee mbele ikapiga gati wala isirudi nyuma ikavuta nguzo. Zinatakiwa ziwe ndefu, kwa sababu kamba ndefu huiachia boti nafasi ya kupanda na kushuka bila kushtuka. Tena ziwe za nailoni, ambayo hunyumbuka wimbi linapovuta, badala ya kuhamishia mshtuko wote kwenye vyuma vya boti. Kila mahali kamba inaposugua ukingo, mzee aliivisha kipande cha mpira wa bomba. Ubavuni akaning'iniza maputo magumu ya plastiki.

"Mjomba, huyo mzungu anafunga boti au anafunga mwizi?" ndilo jibu la mjomba wake lililotoka Ifakara.

Swali la haki. Lakini mjomba mwenyewe, mvuvi wa miaka mingi, anajua nusu ya elimu hiyo bila gati. Mtumbwi ukifungwa kwa kamba fupi wakati wa masika, mto ukipanda usiku, omo inashikiliwa chini huku maji yakiinuka, na asubuhi unakuta kamba imefungwa vizuri sana kwenye mtumbwi uliozama. Na kiangazi mto unajitoa na kuuacha umelala kwenye tope. Ziwa la Uswisi halina papara za namna hiyo.

Lina upepo, hata hivyo. Wanauita Föhn, unashuka kutoka milima ya Alpi ukiwa mkavu na wa vuguvugu, na ukilishika ziwa, boti zote bandarini huanza kucheza ngoma. Kandokando ya maziwa makubwa ya Uswisi kuna taa za rangi ya chungwa: zikimweka mara 40 kwa dakika, upepo mkali unaweza kuja, zikifika 90, dhoruba iko mlangoni. Habari hiyo Ifakara hawakuicheka. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilipinduka kwa upepo mkali na watu wakapotea, na pale kivukoni palitulia kweli mwaka 2018 tu, lilipofunguliwa Daraja la Magufuli la mita 384.

Kilichochekesha pande zote mbili ni dawa ya mjomba. Mtumbwi wa gogo ukiachwa juani hupasuka, kwa hiyo yeye asipokuwa na safari huujaza maji na kuuzamisha kwenye kina kifupi. Salama kabisa: haupasuki na wala mwizi hauoni. Kijana alipomtafsiria mzee kwamba Kilombero boti hulindwa kwa kuzamishwa, mzee aliitazama yake kwa huruma. Ile ina namba ubavuni kama gari, imekaguliwa na serikali na ina bima. Uswisi injini ikizidi kilowati 6, au tanga likizidi mita za mraba 15, unatakiwa uwe na leseni ya unahodha. Fomu ya kueleza kwa nini umeizamisha kwa hiari ingekuwa na kurasa nyingi.

Cha ajabu, Basel penyewe kuna vivuko vinne vinavyovuka mto Rhein bila injini. Waya umetandazwa juu ya mto, kivuko kimefungwa kwenye waya huo kwa kamba, nahodha anageuza ubavu kidogo, na mkondo unakisukuma hadi ng'ambo. Kamba moja, dizeli hakuna. Mjomba alitaka maelezo ya kina, kisha akauliza wakikutana na kiboko wanafanyaje.

Siku ile mzee alibadilisha kamba zote, na zile kuukuu bado zilikuwa nzima. Kuzitupa kuna gharama, kwani Basel taka huwekwa kwenye mifuko maalumu ya bluu ambayo ushuru wake umo ndani ya bei. Kijana akaziomba. Sasa ziko chini ya kitanda chake zikisubiri begi la kilo 23, na mjomba ameshatuma ujumbe wa sauti: anataka kujua ni pima ngapi, na kama mzee yule hana mpango wa kubadilisha na maputo.