Taya Limegoma

Maumivu ya mguu yana heshima yake. Chechemea kidogo tu, utapishwa kiti kwenye daladala na wasiokujua watakupa pole. Lakini ukiumwa taya unaonekana mtu wa maringo: husalimii vya kutosha, hucheki, na nyama ya watu unaikataa.

Langu lilianza kwa mlio. Nikipiga miayo, tak! mbele ya sikio. Baadaye likaanza kuuma, maumivu yakapanda sikioni, na madaktari wa mtaa wakajitokeza. Mama mwenye nyumba akaamuru mafuta ya nazi ya uvuguvugu yatiwe sikioni. Fundi viatu wa pale kona akashauri jino ling'olewe. Lipi, hilo alisema nichague mwenyewe. Shangazi akapiga simu kutoka Tanga kuuliza nimegombana na nani.

Daktari wa meno hakumuuliza mtu. Aliweka vidole mbele ya masikio yangu, akaniambia nifungue mdomo na kufumba, taratibu. Akaeleza kuwa kiungo cha taya hakizunguki tu, pia huteleza kwenda mbele kila tunapoachama, na katikati ya mifupa kuna kipande cha gegedu. Kipande hicho kikihama kidogo, ndipo mlio unaposikika. Mlio usio na maumivu haudai dawa. Maumivu mara nyingi hutoka kwenye misuli iliyochoshwa na kukaza meno, na kwa kuwa kiungo kimepakana na sikio, sikio ndilo linalosingiziwa.

"Unasaga meno usiku?" akauliza.

Nikakana. Mke wangu, aliyenisindikiza, akadakia: "Daktari, baba Salma ni mashine ya kusagia mahindi. Tarehe ya kodi ikikaribia, anasaga mpaka alfajiri."

Nikaulizwa ninachopenda kutafuna. Nikataja muwa, muhogo mbichi, mahindi ya kuchoma na chingamu. Nilipofika kwenye barafu ya glasi, daktari akaweka kalamu chini.

Nilitegemea sindano, nikapewa masharti. Vyakula laini. Kitambaa cha maji ya moto shavuni. Vidonge vya maumivu kwa siku chache. Miayo ikija, ngumi chini ya kidevu. Midomo ifungwe lakini meno yasigusane, kwa sababu meno hayana sababu ya kukutana nje ya saa za kula. Usiku nivae kifaa cha plastiki kilichochongwa kwa kipimo changu. Upasuaji, alisema, huwahusu wachache sana. Wengi hupona kwa kulipumzisha taya. Ila likigoma kabisa kufunga baada ya miayo, nisikubali mtu alirudishe kwa nguvu nyumbani, niende hospitali.

Kulipumzisha taya! Hapa Dar, taya ndilo linalobeba ujirani wote. Babu wa barazani haridhiki na shikamoo. Anataka habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za yule kuku aliyepotea. Nilimjibu kwa mguno, naye akatangaza kuwa siku hizi nina pesa. Kwenye kahawa nikakataa kashata, muuzaji akanuna. Kwenye harusi ya mpwa wangu nililetewa bakuli la uji huku pilau likipita mbele yangu. Mgonjwa haulizwi uji, hata harusini.

Jambo moja sikulitegemea. Mtu asiyejibu huhesabiwa kuwa anatafakari. Wapangaji waliogombania kamba ya kuanikia nguo wakaja kwangu wanisimulie. Nikaguna, nikatikisa kichwa, wakapatana. Wakafuata wenye deni, kisha wachumba. Hata kamati ya msiba ikaniita mbele, mahali ambapo hapo awali nilikuwa nikiombwa nifupishe.

Taya lilipotulia, tulirudi kwa daktari. Akanipima, akaridhika, akasema sasa naweza kuongea na kula kama kawaida, muwa na barafu tu ndivyo niviache. Mke wangu akamvuta pembeni na kumuuliza, kwa adabu zote, kama dozi ya kunyamaza inaweza kuongezwa.