Namna ya Kuunganisha Orodha za Wafugaji Kabla ya Adhuhuri

Umeajiriwa Wajir mjini. Mezani pana orodha mbili za wafugaji, moja ya Habaswein, nyingine ya Eldas, na bosi anazitaka ziwe moja kabla ya adhuhuri. Mtandao unakuja na kuondoka, ila JavaScript unayo. Hongera.

Kwanza, jumlisha. Andika habaswein + eldas, kama hesabu ya darasa la kwanza. Lugha haitakukemea, itazigeuza orodha zote mbili kuwa maandishi na kuzigandisha, hata Hassan wa mwisho Habaswein na Abdi wa kwanza Eldas watoke HassanAbdi, bila koma wala nafasi. Brendan Eich aliibuni kwa siku 10 mwaka 1995, kwa hiyo usimlaumu sana. Mwambie bosi HassanAbdi ni mfugaji mpya.

Bosi akikataa, tumia habaswein.push(eldas). Eldas nzima itaingia kama mtu mmoja aliyeketi mwisho wa mstari. Wanasiasa wa Eldas watakupigia simu wenyewe. Ukiongeza nukta tatu, habaswein.push(...eldas), watu wataingia mmoja mmoja, ila orodha ya Habaswein uliyokuwa nayo asubuhi ndiyo imekwisha. Tena usisahau kuandika zote = mbele yake: push hurudisha idadi, si orodha, kwa hiyo bosi akifungua zote atakuta namba tupu. Wafugaji hakuna.

Wasiopenda vituko huandika habaswein.concat(eldas) au, tangu 2015, [...habaswein, ...eldas]. Orodha mpya, za zamani salama. Aya hii ni fupi kwa sababu njia hiyo inafanya kazi. Jambo moja tu, kama kila mfugaji ni objekti: kilichonakiliwa ni orodha, si watu. Ukimpunguzia mtu ngamia katika orodha mpya, amepungukiwa hata katika ile ya zamani.

Sasa njoo kwa waliojirudia, maana mfugaji hufuata mvua, hafuati mpaka wa kaunti ndogo, na kila alikofika ameandikwa. Pitisha majina kwenye new Set, uende ukanywe chai. Ukirudi, wanaume watatu wanaoitwa Abdi Mohamed Ali watakuwa mmoja, ilhali mwenzao aliyeandikwa Mohamed, Muhammad na Maxamed atakuwa watatu. Kama kila mfugaji umemhifadhi kama objekti yake, Set haitamtoa hata mmoja. Haijui nani ni Abdi Dheere, yule mrefu, na nani ni Abdi Gaab, yule mfupi. Chifu anajua, lakini chifu hana kitufe.

Usidhani ni mzaha wa kompyuta tu. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya 8, Wajir Mashariki ikiwemo, kwa kuwa haikuiamini hesabu yake yenyewe. Na wako Wakenya wa Kaskazini Mashariki waliojiandikisha kama wakimbizi katika kambi za Dadaab wakati wa ukame ili wapate posho. Walipokwenda kuchukua vitambulisho, alama za vidole zilikutwa kwenye orodha ya wakimbizi, wakanyimwa. Hapo kulinganisha orodha kulifaulu kabisa.

Basi tumia namba ya kitambulisho kama ufunguo, uwaweke wafugaji kwenye Map. Wasio na kitambulisho waandike pembeni, kwa penseli.

“Warya, mimi sijaandikwa popote,” anasema Abdi wa nne, amesimama mlangoni. Karibu, mzee. Yeye ndiye aliyetengenezewa push.