Hotuba ya Profesa wa Rejeta, Stendi ya Korogwe

Itifaki imezingatiwa. Mgeni rasmi, ambaye ni mimi, mwenyekiti wa kikao, ambaye pia ni mimi, kwa kuwa yule tuliyemteua amedandia Coaster ya Tanga, mwalimu mstaafu, mama lishe uliyetuazima benchi, binti mwenye stationari, na wewe kijana wa Handeni, mwenye mali. Nasubiri shikamoo zenu. Marahaba.

Nimeombwa nizungumze dakika kumi juu ya kupaka rangi rejeta ya kompyuta inayopozwa kwa maji bila kuharibu upozaji wake. Nimekubali, ingawa dakika kumi hazitoshi hata kunitambulisha.

Nilizaliwa mwaka 1962. Mwaka 1964, kituo cha umeme cha Hale kilipoanza kazi kwa megawati 21, nilikuwa mgongoni kwa mama. Marehemu mama alisimulia kwamba nililia mchana kutwa. Watoto wengine hulia njaa. Mimi, nikitazama nyuma, naona niligundua kasoro kwenye mitambo. Nikakua. Nimepaka rangi korona za mkonge kule Ngombezi (korona ni mashine ya kuchakata mkonge, mama lishe, usifunike pua). Nimepaka mageti, majeneza, mikokoteni, na rejeta za malori zisizo na idadi. Na kuanzia mwaka 1976 nilikuwa mtaalamu pekee wa kompyuta kati ya Mombo na Mkata.

Naam, mwalimu? Simama tukusikie.

Mwalimu anasema kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza. Kwa hiyo mwaka 1976, anauliza, hizo za Korogwe nilizitoa wapi? Asante sana, mwalimu. Sasa wote mmeelewa kwa nini nilikuwa pekee. Na mmeelewa kwa nini hakuna kompyuta hata moja iliyoharibikia mikononi mwangu miaka ile yote. Nani mwingine anaweza kusema hivyo?

Turudi kwenye mada. Kijana huyu anatoka Handeni. Kuna watu wakisikia mtu katoka Handeni wanadhani amebeba tunguri. Huyu alibeba kompyuta, mapajani, kilomita 65 za lami, kama mzazi anayepeleka mtoto kliniki. Anahariri video za harusi. Nikamuuliza: mwanangu, kwa nini kompyuta ipozwe kwa maji, kwani feni imekosa nini? Akaanza kunieleza. Nikamkatisha, maana swali lilikuwa langu.

Jibu ninalo hapa hapa. Handeni yenyewe inapozwa kwa maji! Maji ya mradi wa HTM yanachotwa mto Pangani upande huu wa Korogwe, yanasukumwa na pampu, yanapanda bombani hadi Handeni. Pampu ikizubaa, Handeni inachemka na ndoo zinapangwa foleni. Kompyuta ni vivyo hivyo: pampu inasukuma maji, maji yanapita juu ya prosesa, yanazoa joto, yanaingia kwenye rejeta, feni inapuliza, joto linakwenda zake, maji yanarudi. Binti ananong'ona kwamba HTM haina rejeta na maji yake hayarudi. Binti, huo ni mfano. Mfano hauulizwi maswali.

Kelele mnayoisikia ni mashine ya kijana hapo mezani. Nimeiwasha tangu mwanzo wa hotuba ili mjionee kazi yangu. Feni zimeongeza mwendo. Hata chuma kinajua kutambua uwezo.

Sasa, rangi. Kijana alitaka kijani na njano. Mimi ni mtu wa Msimbazi. Tulijadiliana kwa upana, nikampa nyekundu.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kisayansi mno. Nilisikia kuna rangi ya unga, ambayo hupulizwa ikiwa kavu kisha huokwa kwenye nyuzi 180 hadi 200 mpaka iyeyuke na kushika. Unga nikaupata. Joko nikaliazima kwa muoka mikate. Nikaingiza rejeta saa nne asubuhi, nikakaa nje nikieleza watu maisha yangu, nikaitoa saa sita. Iliingia moja, ikatoka vipande vitano. Rejeta za shaba huungwa kwa lehemu, na binti huyu, ambaye nilimwomba anishikie mlango tu, akasema lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Nikamwambia taarifa ingefaa zaidi kabla. Akasema aliitoa kabla, nikiwa kwenye sura ya maisha yangu inayohusu majeneza. Mikate ya jioni ile, nasikia, watu waliirudisha. Wivu upo kila mahali.

Kijana akauza mbuzi wawili, akanunua rejeta ya pili. Ndiyo hii. Nilipoiweka mkononi niliona dosari papo hapo: ilikuwa na matundu! Mapezi membamba kama karatasi, zaidi ya kumi kwenye kila inchi moja, na katikati yake mianya mitupu. Ukiinua juani unamwona mtu wa upande wa pili. Fundi mwenye dhamira hawezi kumrudishia mteja kitu kina matundu. Nikachukua brashi ya inchi nne na rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti la shemeji, nikapiga mkono wa kwanza. Matundu yakapungua. Mkono wa pili, mkono wa tatu. Sasa tazameni. Bapa, laini, inang'aa. Unaweza kunyolea ndevu mbele yake.

Binti amenyoosha mkono tena. Wapeni vijana nafasi, lakini kwa ufupi.

Anasema, na ninamkariri ili nimsahihishe baadaye, kwamba rangi hupitisha joto vibaya kuliko shaba karibu mara 2,000. Mnasikia? Hata yeye anakiri rangi ni kitu kizito. Anaendelea: hata hivyo, utando wa rangi ukiwa mwembamba kama nusu ya sehemu ya kumi ya milimita, hauzuii kitu cha maana, maana kizuizi kikubwa hasa ni pale joto linapotoka kwenye mapezi kuingia hewani, rangi inaongeza kama sehemu moja kwa mia. Kinachoua rejeta, anasema, ni kuziba njia ya hewa. Basi wewe funika mapezi kwa karatasi na tepu, paka fremu na ubavu tu; na ukiyataka mapezi nayo, futa grisi kwa spiriti, ziba matundu ya nati, puliza kwa kopo ukiwa mbali kidogo, mkono mmoja mwepesi, uache ukauke.

Nimemsikiliza kwa uvumilivu. Ila swali langu liko pale pale: huo mkono mmoja mwepesi, mteja atalipia nini?

Halafu kuna hili la weusi. Kila mwenye akili anajua rejeta lazima iwe nyeusi, kwa sababu nyeusi hutoa mionzi. Nimelisema hili vijiweni miaka thelathini. Ndiyo, najua hii nimeipaka nyekundu, msirushe maneno. Binti anasema kwa joto kama la maji haya, nyeusi, nyeupe, nyekundu na kijani hutoa mionzi karibu sawa, na tena rejeta hii, pamoja na jina lake, humwaga joto lake karibu lote kwenye upepo wa feni. Kwa maana hiyo kijana angeweza kupata kijani chake na njano yake bila hasara yoyote. Kijana, usiniangalie hivyo. Sayansi haina timu.

Niwape siri moja: huyu binti ni zao langu. Amepaka rejeta ya kompyuta ya dukani kwake kwa ile njia yake ya tepu na kopo. Kabla ya rangi, prosesa ilikuwa nyuzi 64 ikifanya kazi nzito. Baada ya rangi, 65. Ndani yake ametia maji ya betri yaliyochujwa chumvi, wakati mimi hii nimeijaza pale bombani, maji mazima yenye madini yake yote, maana mwili wa kitu chochote unahitaji madini. Amejifunza wapi? Kwangu. Kila nilichofanya alikitazama kwa makini, akaenda akafanya kinyume. Huo pia ni ualimu, mwalimu mstaafu atanishuhudia. Mwalimu amesinzia.

Soma hiyo namba kwenye skrini, binti, watu wasikie. 88? Safi. Mwanafunzi akipata 65 na mwalimu 88, nani amefaulu? Sasa 93. Inapanda yenyewe, sijaigusa! 97! Niambieni, hapa Korogwe nani amewahi kupata 97 kwenye somo lolote? Feni zinavuma mpaka meza inatikisika, na mabasi yamepunguza mwendo kunisikiliza. Kijana, kaa chini. Kaa chini, mwanangu, usiguse waya, ndiyo kwanza naingia sehemu ya pili, inayohusu safari yangu ya Segera mwaka...

Kimya.

Mnaona? Haijazima, binti. Inasikiliza.